Nepal walikabidhiwa msitu kwanza, pesa za kaboni zikafuata

Mhariri,

Makala yenu ya hivi majuzi ilituhimiza sisi tunaoishi kandokando ya misitu ya Kakamega, Vihiga na Nandi tuchangamkie pesa za kaboni, yaani malipo kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaizuia, kama wenzetu wa vijijini Asia. Sina ugomvi na pesa. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama chenye kitalu cha miche hapa Shinyalu, na kazi niliyopewa ni kupokea pesa, kuziandika na kujibu zilikokwenda. Kilichonikera ni kwamba makala ilizitaja Nepal, Vietnam na Kambodia kwa mkupuo mmoja, utadhani nchi hizo tatu zilipita njia moja zikafika mahali pamoja. Moja imefaulu kwa sababu ambayo mwandishi wenu hakuigusa. Ya pili inawalipa walinzi wa misitu pesa nyingi kutoka kwa watu wasionunua kaboni hata kidogo. Na ya tatu iliona msitu ukiisha huku karatasi za mradi ziko safi kabatini.

Naandika kwa sababu jambo hili si habari ya mbali tena. Wakala wa kampuni moja, ambayo sitaitaja, amekwisha kupita huku. Alikuja kwenye baraza la chifu na picha za rangi, kreti za soda na fomu. Fomu yenyewe ilikuwa kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, na ndani yake mkataba wa miaka 30. Mzee mmoja wa mlango wetu akamwuliza, "Sasa kijana, mwaka wa 30 ukifika, nitakutafuta wapi nikiwa kaburini?" Watu wakacheka, wakala naye akacheka, likaisha hivyo. Mimi nikauliza langu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Nilitaka kujua kama yeye anapiga asilimia 40 ya pesa zote zilizoingia, au asilimia 40 ya kilichobaki baada ya kampuni kujilipa magari, wapimaji, mawakili na hoteli. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya wanasheria, mama asijisumbue. Mhariri, kujisumbua na hayo ndiyo kazi niliyochaguliwa kufanya.

Mpwa wangu anasomea misitu chuo kikuu. Nilimwagiza aniletee yaliyoandikwa kuhusu nchi hizo, akanichapia rundo zima kwenye saiba pale Khayega, tukawa tunakaa jioni yeye akisoma na mimi nikipiga hesabu pembeni mwa kitabu cha mauzo ya miche.

Nianze na Nepal, maana ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi. Mwaka 1957 serikali yao ilitaifisha misitu ya watu binafsi. Nia ilikuwa kuilinda. Lakini vijiji vilivyokuwa vikilinda msitu kwa zamu na kwa desturi zao viliona umegeuka mali ya ofisi iliyoko mjini, na kila mtu akakimbilia kukata chake kabla jirani hajakata. Sisi wa Shinyalu hatuhitaji kufundishwa jinsi hilo linavyotokea. Mwaka 1973, mahali panapoitwa Thokarpa katika wilaya ya Sindhupalchok, ofisa wa misitu Tej Bahadur Singh Mahat alikubali kuwaachia wanakijiji usimamizi wa msitu wao. Baadaye, 1978, zikaja kanuni za kuikabidhi misitu kwa mabaraza ya vijiji, na hatimaye Sheria ya Misitu ya 1993.

Sheria hiyo ya 1993 ndiyo iliyokuwa moyo wa jambo lote. Watumiaji wa msitu wanajiandikisha kuwa kikundi, wanatunga katiba yao, wanaandika mpango wa kazi, na ofisa wa wilaya anawakabidhi msitu. Ardhi inabaki ya serikali. Lakini mti, kuni, majani ya ng'ombe na pesa ya mauzo ni vya kikundi, na kikundi kinatambuliwa na sheria kama mtu mzima anayeweza kushtaki na kushtakiwa. Leo vikundi hivyo vinapita 22,000 na vinasimamia zaidi ya hekta milioni mbili. Watafiti waliofadhiliwa na NASA walipolinganisha picha za setilaiti, walikuta eneo lenye msitu nchini humo limepanda kutoka asilimia 26 mwaka 1992 hadi asilimia 45 mwaka 2016. Sifa si zote za vikundi: vijana wengi wa milimani walikwenda kutafuta kazi Ghuba na Malaysia, mashamba yakaachwa, miti ikaota yenyewe. Hata hivyo mtu angeweza kuikata miti hiyo, na haikukatwa.

Sasa tazameni tarehe. Mpango wa kulipia misitu isikatwe, huu unaoitwa REDD+, uliletwa kwenye mazungumzo ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa huko Montreal mwaka 2005, na nchi ya Papua New Guinea pamoja na Costa Rica. Ukapata nguvu Bali mwaka 2007. Wakati huo vikundi vya Nepal vilikuwa na zaidi ya miaka kumi vikilinda, vikiuza kuni, vikijenga madarasa na kugombana kwenye mikutano yao ya mwaka. Hakuna aliyekuwa amenunua hata tani moja ya kaboni. Mtu anayesema kaboni ndiyo iliyorudisha misitu ya Nepal amemfunga punda nyuma ya mkokoteni.

Jaribio la kaboni lenyewe lilikuja mwaka 2009, kwa pesa za Norway, likiongozwa na taasisi ya ICIMOD ya Kathmandu pamoja na FECOFUN, ambalo ni shirikisho la vikundi vyenyewe vya misitu. Walichagua mabonde matatu: Kayar Khola katika Chitwan, Ludikhola katika Gorkha na Charnawati katika Dolakha. Vikundi vilikuwa 105, msitu zaidi ya hekta 10,000. Kupima hakukuachiwa wageni. Wanakijiji, wanawake wakiwemo, walifundishwa kuzungusha utepe kwenye shina mita 1.3 juu ya ardhi, kuandika unene, kurudi mwaka unaofuata na kupima tena. Nilipolisikia hilo nilifurahi kuliko yote, kwa sababu pesa ikilipwa kwa kipimo, mwenye utepe ndiye mwenye neno.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo ningetaka kila mwanachama wa CFA, chama cha jamii cha misitu, hapa Kenya aibandike ukutani. Walipoanzisha mfuko wa kugawa pesa hawakusema tu "jamii itapata asilimia kadhaa". Walikaa wakabishana mpaka wakapata mgawo huu. Katika kila 100, 24 inalipwa kwa kaboni iliyokwisha kuwamo msituni. Inayoongezwa na ukuaji wa mwaka inalipiwa 16. Kisha 10 inafuata idadi ya nyumba za makabila ya asili, 15 nyumba za Dalit, wale wanaotengwa kwa sababu ya tabaka la kuzaliwa, 15 uwiano wa wanawake, na 20 idadi ya nyumba maskini. Ukijumlisha utaona miti yenyewe inavuta 40 na watu wanavuta 60. Nilimwambia mpwa wangu asome tena, nikadhani amekosea mstari.

Ile 24 ya kwanza inaonekana ndogo, lakini inarekebisha dhuluma kubwa ya soko la kaboni. Soko halimlipi mtu kwa kuwa na msitu. Linamlipa kwa tofauti: msitu ungekatwa kiasi gani bila mradi, na umekatwa kiasi gani mradi ulipokuja. Kwa hiyo kijiji kilichokuwa kikiwafukuza wachoma makaa tangu enzi za nyanya zetu hakina "tofauti" ya kuuza, ila kijiji kilichowakaribisha na pawaso zao kina tofauti tele. Ni kisa cha mwana mpotevu kuchinjiwa ndama, na ndugu yake aliyebaki shambani haambiwi hata karibu mezani. Huku kwetu tunavijua vijiji vya aina zote mbili kwa majina, na tunajua vile ambavyo baraza la chifu likiitishwa watu wake hukaa nyuma. Mkileta mkataba wa kaboni usiomlipa aliyelinda, mnawafundisha waliolinda somo baya sana.

Nepal nao si malaika. Miaka ya mwanzo wenye mali walizikalia kamati, wakaufunga msitu, na maskini aliyekuwa akichunga mbuzi humo ndiye aliyelipa gharama ya kijani tunachokisifia. Kelele zikapigwa mpaka miongozo ikabadilishwa: kamati iwe na wanawake angalau nusu, asilimia 25 ya mapato ya kikundi irudi kutunza msitu, asilimia 35 iwafikie maskini, na hesabu isomwe hadharani mbele ya wanachama wote. Hiyo ya kusomwa hadharani nimeipenda kwa sababu zangu. Mweka hazina akijua kwamba siku fulani atasimama mbele ya majirani kusoma kila senti, mkono wake huandika vizuri zaidi.

Na pesa zenyewe zilikuwa ngapi? Mwaka 2011 mfuko ule uligawa dola zipatazo 95,000 kwa vikundi 105. Nimegawanya: ni kama dola 905 kwa kikundi, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni karibu 117,000. Kwa hekta haifiki dola kumi. Mhariri, hiyo haipiti mbali sana na tunachopata sisi kwa miche katika msimu mzuri wa mvua ndefu. Walizitumia kwa mambo ya maana, majiko bora, gesi ya samadi, mikopo midogo ya mbuzi na biashara, wala sizidharau. Ila tusidanganywe kwamba zilikuwa utajiri. Tena hazikutoka kwa mnunuzi yeyote sokoni. Ulikuwa msaada wa Norway, na jaribio lilipomalizika 2013 msaada ule nao ukakoma. Vikundi havikufa, kwa sababu havikuwa vimezaliwa na kaboni.

Mkataba mkubwa ulikuja Februari 2021: Benki ya Dunia iliahidi Nepal hadi dola milioni 45 kwa tani milioni 9 za hewa ya ukaa ambazo zingezuiwa katika wilaya 13 za nyanda za chini za Terai kufikia 2025. Gawanya, utapata dola tano kwa tani. Vietnam iliyosifiwa sana kwenye makala yenu ililipwa dola milioni 51.5 mwaka 2024 kwa tani milioni 10.3 kutoka mikoa ya kaskazini ya kati. Gawanya tena. Dola tano.

Dola tano ni kama shilingi 650. Nawaomba wasomaji waivumilie hesabu moja zaidi. Ndani ya tani moja ya hewa ya ukaa mna kilo kama 270 za kaboni, na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, kwa hiyo tani hiyo ya shilingi 650 ni kilo kati ya 500 na 600 za mti mkavu. Kwa tanuri letu la udongo, ambalo hupeleka sehemu kubwa ya mti hewani kama moshi, mzigo huo hutoa gunia moja la makaa, na mchomaji akiwa fundi, mawili. Hakuna mtu Khayega atakayekuuzia gunia la makaa kwa shilingi 650. Kwa hiyo yule kijana anayeingia msituni saa nane za usiku hawezi kushindwa na bei ya kaboni. Akipewa yote, bila kampuni kukata hata ndururu, bado makaa yanamlipa zaidi. Na hatapewa yote.

Anayeweza kumshinda ni jirani yake aliye na sababu ya kuamka. Mama anayepata kuni kwa leseni, mfugaji anayekata nyasi, mzee mwenye mizinga, vijana wanaochimba mizizi ya mukombero na kuuza kwa abiria barabarani, mganga anayejua ni gome la mti gani lichukuliwe upande mmoja tu ili mti usife. Hawa wanaula msitu kila wiki bila kuumaliza. Wakiwa na haki isiyoweza kuondolewa kwa simu moja kutoka mjini, watalinda, na pesa ya kaboni ikija itakuwa nyongeza ya kununua matangi na mabati. Wasipokuwa na haki hiyo, dola tano haitawaamsha.

Kambodia ilijifunza hivyo kwa uchungu. Katika mkoa wa Oddar Meanchey, karibu na mpaka wa Thailand, jamii 13 ziliunganishwa mwaka 2008 kwenye mradi wa kwanza wa REDD+ nchini humo, zaidi ya hekta 60,000 za msitu. Walikuwemo hata watawa wa Kibudha wakiongozwa na Bun Saluth, ambao walizunguka msitu kwa doria na kuifunga miti vitambaa vya njano vya dini ili mkataji aogope. Mwaka 2010 watawa hao walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na waliistahili. Lakini mzozo wa mpaka na Thailand ulileta wanajeshi, wanajeshi wakaja na familia, familia zikahitaji mashamba, na wafanyabiashara wa mbao wakajificha nyuma ya sare. Mwanakijiji mwenye kibali cha jamii angemfanya nini mtu mwenye bunduki? Sehemu kubwa ya msitu ilikwenda. Mradi ulikuwa na vipimo, wakaguzi na muhuri wa viwango vya kimataifa. Kilichokosekana ni mamlaka ya mwanakijiji kusema "toka" na yule mwingine akatoka kweli. Kusini mwa nchi hiyohiyo, kwenye milima ya Cardamom, shirika la Human Rights Watch liliripoti Februari 2024 kwamba watu wa jamii ya Chong walifukuzwa na kukamatwa ndani ya mradi mwingine wa kaboni. Shirika la viwango la Verra lilikuwa limesimamisha utoaji wa hati za kaboni za mradi huo mwaka uliotangulia, kisha likauruhusu kuendelea Septemba 2024.

Vietnam niliiacha nyuma makusudi, kwa sababu huko nimeona jambo ambalo Kisumu na Kakamega zingeweza kulifanya bila kumsubiri mzungu wala Mchina. Walianza kwa majaribio mwaka 2008 katika mikoa ya Lam Dong na Son La, na kuanzia 2010 ikawa amri ya nchi nzima: mtambo wa umeme wa maji unalipa mfuko wa misitu kwa kila uniti ya umeme unaozalisha. Ilianza kwa dong 20, ndiyo pesa ya huko, tangu 2017 ni dong 36. Makampuni ya maji nayo yanalipa. Pesa hizo zinashuka hadi kwa nyumba zenye mikataba ya kulinda msitu ulio juu ya mto huo. Ina kasoro zake, kwa mfano mwenye msitu usio na bwawa chini yake hupata kidogo, na msitu mwingi bado uko mikononi mwa bodi za serikali. Lakini pesa inakuja kila mwaka, kutoka kwa mtu anayeona faida ya msitu kila anapowasha taa.

Sisi tuna Yala na Isiukhu zinazopita kwenye msitu wa Kakamega. Tuna mtambo wa Sondu Miriu kaunti ya Kisumu, unaozungushwa na maji yanayotoka msitu wa Mau. Mama wa Kisumu anapowasha taa, mtu fulani kule juu hakukata mti. Kwa nini makala nzima ya kaboni haikutaja hata senti kumi kwa uniti? Waheshimiwa wetu wa kaunti wanapenda safari za mafunzo. Hiyo ya Vietnam ningewalipia nauli ya bodaboda hadi uwanja wa ndege.

Nirudi nyumbani, kwa sababu mwandishi wenu aliandika kana kwamba Kenya haijawahi kuonja kaboni. Huku huku magharibi, wakulima wa Bungoma na Kisumu waliingia kwenye mradi wa kaboni ya udongo wa shirika la Vi Agroforestry na mfuko wa Benki ya Dunia. Mwaka 2014 zilitolewa hati zake za kwanza, tani 24,788, na wakulima walikuwa makumi ya maelfu. Haihitaji kalkuleta kujua kila mmoja alifikiwa na chini ya tani. Wanaousifu mradi ule husifu mahindi yaliyoongezeka kwa mbolea ya mboji na miti ya shambani, na hapo nakubaliana nao kabisa. Kule Gazi, Kwale, watu wa Mikoko Pamoja wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, kidogo kidogo, na wameingiza maji na kusaidia shule kwa pesa ambazo kijiji chenyewe kinakaa kuamua zifanye nini. Udogo wake ndio nguvu yake. Kila mtu anajua pampu ipi ilitoka wapi.

Na Mau je? Waogiek, jamii ya asili ya msitu huo, walishinda kesi katika Mahakama ya Afrika kule Arusha Mei 2017, ikaamuliwa haki zao juu ya ardhi ya mababu zilivunjwa, na Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Novemba 2023 nyumba zao Sasimwani zilikuwa zikibomolewa. Ninapoambiwa na wakala kwamba "haki zenu zitalindwa ndani ya mkataba", huwa nawakumbuka watu hao, ambao hawakuwa na mkataba bali hukumu.

Sheria yetu ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoifuata, ilitupa vyama vya jamii vya misitu. Ni hatua, na mimi ni mwanachama mlipa ada. Lakini ukilinganisha na Nepal, sisi tunaruhusiwa kushiriki na kutumia. Mwenye kukabidhiwa bado ni shirika la serikali. Tunalinda kwa mguu na rungu, tunazima moto, tunapanda miti ya lusiola na musutsu kwenye mapengo, na mti ukianguka kwa upepo tunasubiri barua. Kaboni nayo itakuwa ya nani katika mpango huo? Hilo liandikwe kwanza, kwenye makubaliano ya usimamizi yenyewe, kabla kampuni yoyote haijaingia: kaboni ya msitu unaolindwa na jamii ni ya jamii kwa sehemu gani, nani anaiuza, na jamii inaweza kumwondoa muuzaji huyo kwa njia ipi kabla ya miaka 30 kuisha.

Kikundi chetu kimekaa na kuandika barua kwa chifu, nakala kwa ofisi ya misitu ya kaunti na kwa CFA. Tumeomba mkataba uletwe kwa Kiswahili, na uletwe wiki mbili kabla ya baraza badala ya siku ileile ya soda. Tumeomba uwe na ukurasa mmoja wa mgawo kama ule wa Nepal, wenye fungu la kaboni iliyokwisha kuwamo, fungu la nyumba zisizo na shamba, fungu la wajane na akina mama wanaolea peke yao. Asilimia 40 ihesabiwe juu ya pesa iliyoingia, na bei ya kila tani iliyouzwa ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu pamoja na jina la aliyenunua. Wapimaji wawe vijana wa hapa, wafundishwe, walipwe. Na hesabu isomwe barazani kila mwaka na mtu wa kampuni mwenyewe, akiwa amesimama.

Wakala ametuma ujumbe kwamba masharti hayo ni mengi na kuna kaunti nyingine zinamsubiri. Basi aende, tutamwombea safari njema. Akirudi na ukurasa huo mmoja tutamsikiliza. Asipokuwa nao, muhuri wa kikundi utabaki sandukuni, na sanduku letu lina kufuli tatu zenye wenyewe watatu, wala hatukai nyumba moja.

Mweka hazina,
Kikundi cha kitalu cha miche,
Shinyalu, Kakamega